Boila Namba Mbili

Maji yaliyokuwa yakimwagwa mtaroni nyuma ya kiwanda cha sabuni yalikuwa moto kiasi cha kunyonyoa kuku. Kwa miaka kumi na minne Maundu aliyaona yakitoka na kupandisha mvuke mweupe ukutani, na kila alipoyaona aliudhika kama mtu anayeona unga ukimwagwa. Yeye ndiye aliyeendesha boila. Alijua kuni ngapi ziliungua ili maji hayo yapate moto, na alijua mikono ya watu waliozipakua kuni hizo. Mvuke ulikwenda kwenye matangi ya mafuta, ukafanya kazi yake, ukageuka maji, kisha maji yale yakatupwa yangali yanachemka na boila ikajazwa maji baridi upya.

Kwa hiyo siku Madam Florence alipofika na helmeti yake mpya, akawauliza wafanyakazi kama kuna mahali wanaona moto ukipotea bure, Maundu hakungoja kuulizwa mara ya pili. Florence alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, ameajiriwa kusimamia mambo ya mazingira, na hakuna mtu kiwandani aliyekuwa bado amemwamkia vizuri.

"Madam, njoo nikuonyeshe," Maundu alimwambia.

Walizunguka tangu saa tatu hadi watu walipotoka kula. Alimwonyesha mtaro. Alimwonyesha mabomba yaliyopita uchi kwenye upepo wa Kitengela, na valvu zilizokuwa zikipiga mluzi kwa kuvuja tangu enzi za meneja aliyetangulia. Florence aliandika mpaka kalamu ikakataa.

"Mzee, haya yote umeyajua tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Na hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniambia niangalie boila."

Safari hii walisikiliza. Wenye kampuni Nairobi walikuwa wamewaahidi wanunuzi wa ng'ambo kwamba watapunguza moshi, na Florence alikuwa na mdomo mtamu wa kueleza mambo kwa hesabu. Katika miezi minane mabomba yalivikwa, valvu zikabadilishwa, paneli za sola zikafunika paa lote la stoo, na pampu ikawekwa ya kurudisha maji ya moto kwenye tangi la boila. Lori za kuni zilizokuwa tisa kwa wiki zikawa nne. Kilichobaki kilikuwa majaribio ya mwezi mmoja, boila zote mbili zikipimwa na wakaguzi kutoka nje, ndipo ripoti itiwe sahihi.

Maundu alitembea kiwandani siku hizo akiwa ameinua kichwa. Watu wa pakiti, waliofunga sabuni kwenye makasha, ambao zamani walimpita kama nguzo, walianza kumwita Injinia.

Wiki mbili kabla ya majaribio kuisha, meneja wa kiwanda, Bwana Kisemei, alimwita ofisini. Maundu aliacha viatu vya kazi mlangoni kwa sababu ya zulia, akaingia na soksi iliyotobolewa na kidole gumba. Alikaa akificha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Mzee, umetusaidia sana," Kisemei alisema. "Nataka usikie hii maneno kutoka kwangu. Tarehe ishirini na nane majaribio yakiisha, boila namba mbili tunaizima. Moja inatosha. Ni wewe umefanya itoshe."

"Na watu wa namba mbili?"

"Wale wanane wa kuni? Hao ni vibarua, mzee. Kazi ikiwa wanakuja, kazi ikiisha wanaenda. Wewe hutaenda mahali. Kutoka tarehe moja uko msimamizi wa mvuke. Permanent. Barua iko hapa, imebaki sahihi yangu."

"Na kadi ya hospitali?" Maundu aliuliza upesi mpaka akajionea aibu.

"Kadi yako, ya mama na ya mtoto. Lakini hii kitu ibaki kwa hii ofisi. Wakijua saa hii watatawanyika kila mtu atafute kwake. Nitaleta wageni wasiojua kulisha moto, mita zitaruka juu na chini, wakaguzi waandike mradi umeshindwa. Mradi ukishindwa, hata hii barua sina nguvu ya kuitia sahihi."

"Bwana, si wangepewa hata notisi ya wiki moja?"

"Mkataba wao ni wa siku kwa siku. Notisi ya siku ni nini?" Kisemei alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Tumeelewana?"

Maundu alisema wameelewana. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, karani alimwomba asogee, anazuia njia.

Ciku, mkewe, alikuwa na kibanda cha chai na maharagwe mbele ya geti la kiwanda. Jioni hiyo alikuwa amerudi nyumbani Noonkopir mapema, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango akichagua maharagwe ya kesho. Shingoni alikuwa amefunga leso, ingawa hapakuwa na baridi. Chini ya leso kulikuwa na uvimbe uliokuwa umefika ukubwa wa ngumi. Daktari wa kliniki alisema unasukuma koo na lazima ukatwe. Hospitali ya umma ilikuwa imemwandika kwenye foleni, foleni ikamwambia arudi baada ya miezi sita, na miezi sita ilikuwa imepita mara mbili.

Maundu alimweleza yote. Ciku aliacha kuchagua maharagwe alipofika kwenye kadi, akaendelea alipofika kwenye vibarua.

"Na Nailantei ni mmoja wao?" aliuliza kwa sauti iliyokuwa ikikwaruza siku hizi.

"Ni mmoja wao."

Nailantei alikaa ploti hiyo hiyo ya nyumba za kupanga, milango mitatu kutoka kwao. Alitoka Bisil baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake, akaja mjini na binti yake Resian na godoro moja. Ni Maundu aliyempeleka getini asubuhi ya kwanza na kumwambia askari, huyu ni mtu wangu. Alikuwa amelisha moto kwa miaka mitatu. Alijua gogo bichi kwa kulinusa.

"Umeahidi kunyamaza?" Ciku aliuliza.

"Nimeahidi."

"Basi nyamaza." Alitupa kijiwe alichokitoa kwenye maharagwe. Kisha akasema, bila kumtazama, "Hiki kitu kinanikaba nikilala, Maundu. Sijawahi kukuambia vile kinanikaba."

Jumatatu, saa ya chakula, Nailantei alikuja kibandani na vumbi la magome limemkaa nywele. Hakuketi mahali pake pa kawaida. Alimfuata Maundu mwisho wa benchi.

"Sopa, Baba Mutheu," alimwamkia Maundu kwa Kimaasai.

"Epa."

"Naomba unishauri. Kuna shamba la maua pale Isinya wanaandika watu Alhamisi. Shemeji yangu Kakenya anafanya huko, ndiye amenipigia. Mkataba wa mwaka mzima. Ni Alhamisi tu, ikipita imepita."

"Kazi gani?"

"Kufunga maua. Hakuna kubeba magogo." Alifungua viganja vyake, akavifunga tena. "Lakini unajua, hapa niko na nyumba karibu, na Resian ameshazoea shule. Na nikikosa siku moja kwa hii majaribio wamesema nafasi yangu imeenda. Sasa niende nikose huko, nirudi nikose hapa? Ndio nimekuja kwako. Wewe siku hizi uko karibu na wakubwa. Niambie tu, hapa kuna kazi mbele ama hakuna?"

Ciku alikuwa akimmiminia chai. Kikombe kilijaa, chai ikateremka mezani hadi kwenye kanga yake, naye akaendelea kuinamisha birika.

Maundu aliangalia sahani yake. Aliona maharagwe, akaona kipande cha chapati, akakikunja mara mbili.

"Kazi iko," alisema.

"Kweli?"

"Si unaona vile wanajenga? Kampuni haiwezi kutumia pesa yote hiyo halafu ifunge. Baki."

Uso wa Nailantei ulilegea kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo. "Ashe oleng, asante sana, Baba Mutheu. Nilijua nikikuuliza nitalala." Alikunywa chai yote kwa mara moja, akampigia Kakenya simu hapo hapo, akamwambia asimwekee nafasi.

Ciku alifuta meza. Alifuta mahali palipokuwa pamekauka, akapafuta tena.

Alhamisi ilikuwa siku ya joto. Wakaguzi walisimama karibu na mita na vitabu vyao, na Nailantei alilisha boila namba mbili vizuri kiasi kwamba mmoja wao aliuliza jina lake. Saa nne Maundu alimletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Leo umekuwa mkarimu hivi?" Nailantei alicheka.

Maundu alisema ni joto tu, akarudi kwenye geji zake.

Tarehe ishirini na nane lilipigwa hema uwanjani. Wageni walikuja kutoka Nairobi, na kila mfanyakazi, hata vibarua, alipewa fulana ya kijani ya kupigia picha. Vibarua wa kuni waliwekwa mbele, kila mmoja akishika mche wa mti wa kupanda. Mpiga picha alimwambia Nailantei acheke, naye alikuwa anacheka tayari.

Madam Florence alisimama akasoma. Kuni zimepungua kwa zaidi ya nusu. Umeme wa kununua umepungua kwa theluthi moja. Maji kadhalika. Alitaja miti ambayo haitakatwa tena huko Kajiado, na alipotaja idadi yake sauti ilimtetemeka, kwa sababu aliiamini kabisa kazi yake. Kisha akasema wazo la kwanza halikutoka kwa mtaalamu yeyote ila kwa Mzee Maundu wa boila, na angependa ajitokeze.

Maundu alipewa cheti kwenye fremu ya kioo. Waliopiga makofi sana walikuwa vibarua. Nailantei alipiga vigelegele mpaka mgeni mmoja akageuka kumtazama.

Baada ya picha, karani wa stoo alipita na mfuko.

"Fulana tafadhali. Hizo ni za staff."

"Si tumepewa?" mmoja aliuliza.

"Mlipewa ya picha."

Wanawake walikwenda nyuma ya rundo la kuni kubadilisha nguo, mmoja mmoja, wenzao wakiwashikia kanga. Wageni walikuwa wakikata keki. Saa tisa, vibarua walipofika getini, Katoo, askari wa mlango, alikuwa na karatasi mkononi. Ofisi ya wafanyakazi ilikuwa hemani, ikamwachia yeye.

"Nikisoma jina lako, acha kadi ya geti hapa," alisema. "Kesho usikuje."

Alisoma majina manane. La Nailantei lilikuwa la sita.

"Katoo, soma vizuri."

"Nimesoma vile imeandikwa, dada."

"Ni nani amesema? Tumekosa nini?"

"Mimi ni askari tu." Alinyoosha mkono kupokea kadi, na mkono wenyewe haukuwa na furaha. "Boila imezimwa. Hamna makosa."

Nailantei aligeuka kutafuta mtu wa kumuuliza. Kule ng'ambo ya uwanja aliuona mlango wa chumba cha boila, na Maundu amesimama hapo na cheti chake. Alimpungia mkono aje. Maundu aliuona mkono ule vizuri. Alirudi ndani, akavuta mlango.

Florence alipata habari muziki ukiwa bado unalia. Alimkuta Kisemei kando ya gari la wageni.

"Ulisema watahamishiwa pakiti."

"Nilisema tutaangalia. Tumeangalia." Kisemei alishusha sauti. "Florence, kwenye ripoti yako kuna mstari wa kuni, wa maji, wa umeme, wa moshi. Mstari wa watu uliweka wapi?"

Hakuwa ameuweka. Alisimama hapo na kipaza sauti mkononi mpaka fundi wa hema alipokuja kumwomba.

Kesho yake Nailantei alikwenda Isinya. Alimrudia askari wa shamba la maua mara tatu, na mara zote akaambiwa watu walishaandikwa Alhamisi ile. Alizunguka magodauni ya Kitengela wiki mbili. Mwisho wa mwezi uliofuata aliuza godoro na meza, akakodi nafasi nyuma ya pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mbuzi mnada wa Bisil.

Maundu alimbebea jiko na ndoo hadi barabarani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo, na sasa, akiwa msimamizi, aliipata.

"Baba Mutheu, usijisumbue moyo," Nailantei alimwambia. "Nimeona vile umekonda. Najua ulitupigania."

Maundu alifunga kamba ya pikapu, akaifungua, akaifunga tena.

"Nilijaribu," alisema.

Kibanda cha Ciku kilikuwa kikiishi kwa vibarua. Watu wa ofisini walikula kantini. Sufuria ya maharagwe ilirudi nyumbani nusu, ikala familia, ikarudi tena, mpaka siku moja Ciku hakuipeleka. Kazini, Maundu alikaa mbele ya boila moja iliyokuwa kimya na safi, akasikia mpaka mlio wa saa ya ukutani. Hakuna aliyemwita Injinia. Wenzake wa zamani wa zamu walimsalimu kwa adabu, wakapita.

Kadi ya hospitali ilikuja na ilikuwa ya kweli. Ciku alikatwa uvimbe wake Kajiado, katika hospitali yenye mashuka meupe, na daktari alisema angechelewa kidogo tu mambo yangekuwa mengine.

Siku ya pili baada ya upasuaji, saa ya kuona wagonjwa, Maundu na Mutheu, binti yao wa kidato cha tatu, walikuwa wamekaa kwenye benchi kando ya kitanda. Nailantei aliingia akiwa na chupa ya uji chini ya shuka lake la mabega. Habari ilikuwa imemfikia Bisil kupitia kwa jirani wa ploti. Alikuwa mwembamba zaidi, na ndala zake zilikuwa za rangi mbili.

"Mama Mutheu! Wamekutoa hiyo kitu? Mungu ni mwema." Alimshika Ciku mguu juu ya blanketi, kisha akamgeukia mama aliyelala kitanda cha pili, kwa vile alikuwa mtu wa kuongea na kila mtu. "Huyu mzee unaona hapa, ndiye aliniandikisha kazi nikiwa sijui mtu Kitengela. Na walipotufuta ni yeye peke yake alitutetea."

"Mungu ambariki," alisema yule mama.

"Tuliongea kidogo tu," Maundu alisema.

Ciku aliinua mkono. Walidhani anataka maji, na Mutheu akasimama kumpa.

"Alijua," Ciku alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilisikika.

"Mama, daktari amesema usiongee."

"Alijua wiki mbili mbele. Siku ile ulimuuliza ya Isinya, alikuwa anajua." Alimeza mate kwa taabu, akashika bandeji. "Hata mimi nilijua. Nikakumiminia chai."

Mama wa kitanda cha pili aligeuza uso dirishani. Nailantei alimtazama Maundu muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayerudia njia kutafuta alipodondosha kitu.

"Ni kweli?"

Maundu alieleza. Alieleza barua, na kadi, na Kisemei, na mita. Alieleza uvimbe ulivyokuwa ukimkaba mwenzake usiku. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila alipomaliza moja aliona halijasaidia, akaongeza lingine.

"Wangeninyima barua," alimalizia.

"Ungeniambia tu," Nailantei alisema. "Ningesema mtoto ni mgonjwa, niende hiyo Alhamisi moja. Mtu mmoja kwa wanane. Nani angejua imetoka kwako? Boila ingezimwa vile vile. Mama Mutheu angetibiwa vile vile." Kisha akasema polepole, kana kwamba hilo ndilo lilimshangaza zaidi, "Mimi ningenyamaza, Baba Mutheu. Mimi najua kunyamaza."

Nailantei alifungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akamwinua Ciku kichwa na kumnywesha kidogo kidogo mpaka kikaisha, kwa sababu alikuwa ametoka nao mbali. Ciku alikunywa huku machozi yakimtoka. Kisha Nailantei alisuuza kikombe kwenye sinki, akaagana na mama wa kitanda cha pili, akamwambia Mutheu asome kwa bidii.

Maundu alimfuata mpaka kwenye geti la hospitali.

"Nailantei."

Aligeuka, akasimama. Alimpa nafasi ya kutosha. Magari yalipita ya kwenda Namanga, na mengine yakapita ya kwenda Nairobi.

"Rudi kwa mgonjwa wako, Mzee," Nailantei alisema, akavuka barabara.

Aliporudi wodini, Ciku alikuwa amegeukia ukuta. Mutheu alikuwa amekaa katikati ya benchi, mikono mapajani. Maundu alisimama mbele yake akingoja asogee ampishe nafasi ya kukaa. Mutheu hakusogea.